Mpira wa Watoto Mitaani Goma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kando ya uwanja mdogo wa kartie, yaani mtaa, magharibi mwa Goma, jiji la Kongo lililo mpakani na Rwanda, ambako watoto wa avenyu nne au tano hukutana kila alasiri baada ya masomo. Huulizwa na akina mama wanaopita na madumu ya maji, na akina baba wanaomtafuta mtoto kabla giza halijaingia, na kaka na dada wakubwa, wale ambao wadogo huwaita yaya, na mara nyingi na watoto wenyewe. Nimeutunza uwanja huo kwa miaka mingi, na majibu yametoka huko. Yanaegemea upande mmoja, na ni haki msomaji aujue mapema: naamini kwamba mtoto hujifunza mpira kwa kuugusa mara nyingi katika mchezo anaouendesha mwenyewe, na kwamba kazi ya mtu mzima ni kuondoa mawe, kulinda saa na usalama, kisha kukaa pembeni.

## Mambo ya mwanzo

Mtoto aanze kucheza mpira akiwa na umri gani?

Ataanza mwenyewe. Mtoto aliyejua kutembea juzi huusukuma mpira kwa mguu kabla hajajua kuutaja. Kati ya miaka 3 na 5 hahitaji timu wala goli. Anahitaji kitu cha mviringo, nafasi ndogo isiyo na mawe, na mtu wa kumrudishia.

Akifika miaka 6 hadi 8 anaweza kuingia katika mchezo wa watatu kwa watatu. Wazazi wengi hulalamika kwamba katika umri huo watoto wote huukimbilia mpira kwa pamoja, na hakuna anayetoa pasi. Hilo si kosa la kurekebishwa kwa makelele. Macho ya mtoto wa miaka 7 yako kwenye mpira na mguu wake, na bado hayajapata nafasi ya kumtazama mwenzake. Kuanzia miaka 9 au 10 ataanza kuinua kichwa, na pasi zitakuja bila kuamriwa.

Je, ni lazima mtoto anunuliwe mpira wa dukani?

Hapana, na kwa mtoto mdogo mpira wa kutengeneza kwa mkono una faida ambayo ule wa dukani hauna. Haudundi sana, kwa hiyo hukaa karibu na mguu, na mtoto hulazimika kuuongoza kwa kila hatua badala ya kuupiga mbali na kuukimbilia.

Namna ya kuutengeneza wengi wetu tulirithishwa na wakubwa zetu, lakini naona inaanza kusahaulika katika kartie zilizo mbali na mashamba, kwa hiyo naieleza. Chukua maganda makavu ya shina la mgomba, yale yanayonyauka yenyewe, uyanyunyizie maji kidogo ili yasikatike, kisha uyakunje na kuyabana mpaka yawe fundo gumu lenye ukubwa wa ngumi. Zungushia kitambaa kikuukuu, kwa kuwa kitambaa ndicho kinachoupa mpira uhai kidogo unapogonga ardhi. Juu yake vuta mifuko ya plastiki, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiusokota mdomo na kuugeuzia upande mwingine ili unene uwe sawa pande zote. Mwishoni suka kamba ya nyuzi za mgomba kama wavu, mashimo yake yasipite vidole viwili, ukivuta kwa nguvu kila fundo. Fundo la mwisho lizamishwe ndani: likijitokeza, litamchoma yule anayecheza peku. Watoto wengine huyeyusha plastiki kwa moto ili mpira ushikamane. Wakatazwe, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na moshi wake ni sumu.

Kama tunaweza kununua, tununue mpira wa ukubwa gani?

Mipira huuzwa kwa namba. Namba 3, yenye mzingo wa karibu sentimita 60, inafaa watoto wa chini ya miaka 8. Namba 4, yenye mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66, inafaa wa miaka 8 hadi 12. Namba 5, ndiyo ya wakubwa, ina mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mzazi anayenunua namba 5 akisema mtoto "ataukulia" anamnunulia maumivu ya kifundo cha mguu na tabia ya kupiga kwa ncha ya vidole.

Kwa ardhi yetu, mpira wa raba nzito hudumu kuliko ule wa kushonwa unaong'aa, ambao jiwe la volkano hula nyuzi zake kwa muda mfupi. Usijazwe upepo mpaka ukawa kama jiwe. Ukibonyeza kwa kidole gumba uzame kidogo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na mpira uliojaa sana ukipigwa juu hapa huenda hadi ua wa jirani.

Acheze peku au avae viatu?

Kwenye mchanga au nyasi, peku ni salama na hufundisha vizuri, kwa kuwa unyayo huhisi mpira. Kwenye mawe ya volkano, hapana. Viatu vya plastiki vya kufunga kisigino vinatosha; kandambili hazifai, kwa sababu huchomoka mtoto anapogeuka na kumwangusha. Kanuni moja tuliyojiwekea uwanjani kwetu ni kwamba wote wawe na viatu au wote wawe peku, maana mwenye kiatu kigumu akikanyaga kidole kitupu, mchezo umeisha kwa mmoja wao.

## Uwanja

Kiwanja chetu kimejaa mawe ya volkano. Kinaweza kutengenezwa?

Kinaweza, lakini si kwa siku moja. Lava iliyoshuka kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya jiji hadi Ziwa Kivu, na watu walirudi wakajenga juu yake. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilikomea kwenye viunga vya kaskazini. Kwa hiyo watoto wengi wa Goma wanacheza juu ya mwamba ambao una umri mdogo kuliko wazazi wao, na ambao haujapata muda wa kulainika.

Kazi ya kwanza ni kuokota mawe yote yaliyolegea na kuyapanga pembeni kuwa ukuta mfupi. Ukuta huo ni mali, na utaonekana tena katika swali la ufundi wa kwanza. Kazi ya pili ni kuvunja kwa nyundo vichwa vyote vinavyochongoka, mtu akitembea mistari kwa mistari kama anayepalilia. Watoto wasifanye kazi hii, na mtu mzima anayeifanya alinde macho yake, kwani vipande vya lava huruka na hukata kama chupa. Kisha miminia mchanga mweusi wa volkano, uumwagilie, uushindilie kwa kigogo, na urudie.

Mvua itakapokuja, mchanga utazama kwenye nyufa, na utalazimika kuongeza. Hapa nami nilikosea miaka ya mwanzo: nilidhani kazi imeharibika na nikakata tamaa, kumbe mwamba ulikuwa unajaza mashimo yake, na kila tabaka jipya lilidumu zaidi ya lile lililotangulia. Mwamba huohuo una wema wake pia. Hunywa maji upesi, na nusu saa baada ya mvua kubwa watoto wetu wanacheza, wakati ambapo kiwanja cha udongo kingekuwa tope hadi kesho yake.

Mwamba mkubwa usiovunjika upakwe chokaa ili uonekane hata jioni, na mstari wa uwanja upite mbali nao. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, ni siku nzuri ya kuwaomba vijana wa avenyu msaada, mradi kazi iwe imepangwa na nyundo ziwepo kabla hawajafika.

Uwanja uwe mkubwa kiasi gani, na wachezaji wangapi?

Mdogo kuliko unavyodhani. Hatua 25 kwa 15 za mtu mzima zinatosha wanne kwa wanne. Watoto 22 wakicheza mpira mmoja, wengine watamaliza saa nzima bila kuugusa. Wagawe katika viwanja viwili au watatu, hata kama kimoja kitatumia mpira wa plastiki. Magoli yawe mawe mawili, hatua tatu kutoka moja hadi jingine. Goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, na hakuna mtoto wa miaka 9 anayeweza kulilinda.

Wanaweza kucheza barabarani?

Kwenye njia ndogo isiyopita vyombo, ndiyo. Kwenye mteremko wowote unaotumiwa na chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, kamwe. Chukudu iliyopakia viazi au makaa inaposhuka, husimamishwa kwa mguu unaokandamiza kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, na mwendeshaji hawezi kuisimamisha ghafla hata akitaka. Pikipiki angalau husikika; chukudu hufika kimya.

## Sheria za watoto wenyewe

Timu zigawanywe vipi bila ugomvi?

Njia iliyozoeleka ni manahodha wawili kuchagua kwa zamu, na ubaya wake unajulikana na kila aliyewahi kuwa wa mwisho. Anasimama pale mbele ya wote, wengine wakiondoka mmoja mmoja, mpaka anabaki yeye na yule mdogo wa miaka 5.

Ipo njia bora, na watoto wanaijua wakikumbushwa. Wawili wanaolingana uwezo huenda pembeni, kila mmoja akajipa jina la siri, labda mmoja Simba na mwingine Chui, kisha wanarudi kwa manahodha kuuliza: "Unataka Simba au Chui?" Nahodha huchagua jina bila kujua ni nani. Timu zinalingana, na hakuna aliyeaibishwa.

Bila refa, nani anaamua kama ni goli au si goli?

Wachezaji. Najua jibu hili haliwaridhishi watu wazima, lakini naomba wajaribu kusimama pembeni na kusikiliza. Kwa kuwa goli la mawe halina mti wa juu, watoto hupima urefu wa goli kwa mikono ya kipa iliyonyooshwa. Kipa akiwa mfupi, goli ni fupi, na wote wanakubali. Hakuna kuotea. Kona tatu ni penalti. Mpira ukitoka hurudishwa kwa mguu. Wasipokubaliana kabisa, mmoja atasema "turudie", na mchezo unarudi pale ulipokatika.

Mabishano hayo yanachukua dakika, na dakika hizo si hasara. Mtoto wa miaka 10 anayetetea hoja yake mbele ya wenzake, akashindwa, kisha akaendelea kucheza nao, amefanya kazi ngumu kuliko kufunga goli. Mtu mzima aingie tu pale mikono inapoinuka au mkubwa anapomwonea mdogo.

Mwenye mpira akikasirika na kuondoka nao, tufanyeje?

Mpira ni wake, hawezi kunyang'anywa. Makubaliano yafanywe kabla ya kuanza: mpira ukishawekwa katikati ni wa wote mpaka goli la mwisho, na kwa heshima hiyo mwenye mpira huchagua upande wa kwanza. Akivunja ahadi, watoto waendelee na mpira wa plastiki uliohifadhiwa pembeni. Mara nyingi atarudi, na apokelewe bila kusimangwa.

Hakuna anayetaka kuwa kipa. Alazimishwe mdogo?

Asilazimishwe. Kipa abadilike kila goli linapofungwa, kwa zamu inayojulikana. Katika mchezo wa watatu kwa watatu ni bora kutokuwa na kipa kabisa, na magoli yapunguzwe hadi hatua moja. Kuhusu kuruka na kuanguka, tazama swali la kipa hapa chini.

## Ufundi

Ufundi wa kwanza wa kumfundisha mtoto ni upi?

Kutuliza mpira. Anayeweza kuupokea mpira na kuuweka pale anapotaka ana muda wa kufanya mengine yote, na asiyeweza atakimbizana nao maisha yake yote.

Mwalimu bora wa jambo hili ni ule ukuta wa mawe. Kwa muda mrefu nilimwangalia binti mmoja mdogo aliyefika kila jioni mapema kuliko wenzake, akaweka dumu lake la maji chini, akaanza kuupiga mpira ukutani. Ukuta wa lava haurudishi mpira sawasawa: mara unautupa kushoto, mara unadunda kwenye goti. Siku za kwanza alitumia muda wake mwingi kuufuata. Baadaye niliona kwamba mguu wake huondoka chini kabla mpira haujafika, kifundo kimelegea, na upande wa ndani wa mguu unarudi nyuma kidogo mpira unapougusa, kama mkono unaopokea yai. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia, nikanyamaza.

Kwa mtoto anayeanza, mpe mambo mawili tu: aupokee kwa unyayo, aukanyage polepole, akizoea, aupokee kwa upande wa ndani wa mguu, akiuelekeza kwenye nafasi iliyo wazi badala ya kuusimamisha kabisa.

Danadana zina umuhimu wowote, au ni maonyesho?

Zina umuhimu wa kiasi. Zinamzoesha mtoto uzito wa mpira na mahali pa kuugusa, na anaweza kuzifanya peke yake hata uani. Aanze kwa kuuangusha kutoka mikononi, aupige mara moja na kuudaka. Kisha mara mbili. Kisha bila kuudaka. Kumi kwa miguu yote miwili kwa kupokezana zina thamani kuliko mia kwa mguu mmoja. Lakini mchezo hauchezwi hewani, na wapo wenye danadana mia mbili wanaopoteza mpira mara tu mpinzani anapowakaribia.

Anatumia mguu mmoja tu. Atarekebishwaje?

Kwa mchezo, si kwa amri. Watoto wakubaliane kwamba kwa dakika 10 zijazo goli la mguu wa kushoto pekee ndilo linalohesabiwa. Watacheka, watapiga hewa, na kesho yake wataomba tena.

Mtoto wangu anapiga chenga sana na hatoi pasi. Nimkataze?

Akiwa chini ya miaka 12, usimkataze. Chenga hujifunzwa kwa kupoteza mpira mara nyingi, na uwanja wa kartie ndio mahali ambapo kupoteza mpira hakuna gharama. Msaidie aelewe kinachofanya chenga ifanikiwe: si wingi wa miguu kuzunguka mpira, bali kubadilisha kasi. Mtoto anayemkaribia mpinzani polepole, akaegemeza bega upande mmoja, kisha akaondoka upande wa pili kwa nguvu, atapita bila mbwembwe. Mwambie pia atazame nyonga za mpinzani, kwa sababu macho na mikono hudanganya lakini nyonga huonyesha uzito wa mwili umeegemea wapi.

Wenzake wakichoka naye, watamwambia wenyewe, na atawasikia kuliko anavyokusikia wewe. Namna umri unavyobadilisha utoaji wa pasi imeelezwa katika swali la kwanza.

Je, watoto wapige mpira kwa kichwa?

Kwa wadogo, nashauri hapana. Shirikisho la soka la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 na chini yake wasipige kichwa kabisa, na mwaka 2020 chama cha soka cha Uingereza kilielekeza kwamba watoto wa shule za msingi wasifanyishwe mazoezi ya kichwa, kwa tahadhari juu ya afya ya ubongo. Kwetu ipo sababu nyingine iliyo wazi: wawili wanaorukia mpira mmoja hugongana, na wanaangukia juu ya jiwe.

Kipa ajifunze kuruka vipi kwenye ardhi ngumu?

Asiruke. Ajifunze kusimama mahali sahihi, kusogea hatua ndogo, kupiga goti moja mpira unapokuja chini, na kuukumbatia kifuani. Kuruka kutasubiri mahali penye nyasi au mchanga wa kina.

Naongeza jambo ambalo nimelishughulikia mara nyingi. Robert Kidiaba, kipa wa TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, alijulikana duniani kote kwa kushangilia akirukaruka juu ya makalio yake, hasa mwaka 2010 Mazembe walipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi. Watoto waliozaliwa baada ya mwaka huo bado wanamwiga. Kidiaba alikuwa juu ya nyasi. Wao wafanye hivyo nyasini pia, au washangilie wakiwa wamesimama.

## Wasichana uwanjani

Je, wasichana wacheze pamoja na wavulana?

Ndiyo. Kabla ya kubalehe hakuna tofauti ya nguvu inayozuia, na katika kiwanja chetu wanachaguliwa kwa majina ya siri kama wengine wote. Kinachowazuia ni saa. Mvulana akirudi kutoka shuleni anatoka kucheza, msichana anatumwa maji, anabeba mdogo wake, anaanza kupika. Nimewaona wengi wakicheza na mtoto mgongoni, jambo ambalo ni la hatari kwa wote wawili, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee waliyopewa. Mzazi akitaka kweli binti yake acheze, amgawie kaka yake nusu ya kazi za jioni.

Wanaouliza "itamfikisha wapi" wajue kwamba timu ya wanawake ya TP Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake mwaka 2024. Lakini hata asipofika popote, mtoto wa kike ana haki ya kukimbia na kufurahi jioni kama kaka yake.

## Usalama

Ameanguka kwenye jiwe na kuchubuka. Nifanye nini?

Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni mpaka punje zote nyeusi zitoke, hata kama analia, kwa kuwa punje zikibaki chini ya ngozi huleta usaha. Funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya gari. Jeraha likiwa la kina, au kama hujui hali ya chanjo yake ya pepopunda, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtoto aliyegonga kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisisitiza kwamba ni mzima. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akiongea bila mpangilio, apelekwe hospitali mara moja.

Wanywe maji gani wakati wa mchezo?

Yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kutoka nyumbani. Kipindupindu ni cha kila mara katika eneo letu, na mtoto mwenye kiu kali atakunywa maji ya ziwa akiachwa. Mpira ukiangukia ziwani, aufuate mtu mzima anayejua kuogelea, au uachwe uende.

Mpira umeingia shimoni. Kuna hatari ya mazuku?

Ipo, na kila mtoto wa magharibi mwa jiji, kuelekea Bulengo na Sake, anapaswa kuijua kabla ya kujua kona ni nini. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia mabondeni, mashimoni na kwenye nyufa, bila rangi na bila harufu ya kumwonya mtu. Huwa nyingi zaidi alfajiri na asubuhi mapema baada ya usiku usio na upepo. Ndege au panya waliokufa ndani ya shimo ni ishara, lakini kukosekana kwao si uthibitisho wa usalama.

Mtoto asishuke. Mpira uvutwe kwa mti mrefu kutoka juu, au usubiri. Na jambo gumu kuliko yote: mwenzake akianguka humo, asirukie kumwokoa, kwa sababu wa pili huanguka juu ya wa kwanza. Apige kelele na kuwaita wakubwa waje na kamba. Sisi huwafanyisha watoto zoezi la kupiga kelele hizo, kwa sauti kubwa, mara moja kila muhula.

Wameokota kitu cha chuma wasichokijua karibu na uwanja.

Wasikiguse, wasikipige teke, wasikirushie jiwe. Baada ya mapigano ya Januari 2025 ndani ya jiji, silaha ambazo hazikulipuka zimeweza kubaki popote: kwenye majani, chini ya kifusi, ndani ya mfereji. Mtoto asimame, arudi kwa njia aliyojia, awaambie wenzake na mtu mzima. Mkubwa aweke alama inayoonekana kwa mbali, azuie watu, na atoe taarifa kwa viongozi wa kartie ili wataalamu waitwe. Mchezo usimamishwe mpaka waje, hata ikichukua majuma.

## Watu wazima na ndoto za mbali

Nikiwa pembeni, niseme nini?

Kidogo. Mzazi anayepaza sauti "piga! piga!" anamwondolea mtoto uamuzi ambao alikuwa karibu kuufanya mwenyewe. Baada ya mchezo muulize amefurahia nini, na usianze na matokeo.

Mpira utamharibia masomo?

Usipowekewa saa, unaweza. Ukiwekewa saa inayojulikana na isiyobadilishwa kwa hasira, hautamharibia.

Mtu amekuja akisema atampeleka mtoto wetu Ulaya, ila tulipe gharama za hati. Tumwamini?

Msimpe pesa, wala pasipoti, wala mtoto. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wake wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Hali nyingine inatuhusu sisi wa mpakani: mtoto anayeishi nyumbani kwake umbali usiozidi kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kuchezea klabu ya upande wa pili iliyo ndani ya umbali kama huo, mradi aendelee kulala kwao na vyama vya nchi zote mbili vikubali. Yote hayo hupitia klabu na mashirikisho. Hayapitii bahasha inayokabidhiwa mtu barazani. Katika kartie yetu familia moja iliuza shamba kwa ahadi ya namna hiyo, na kijana wao hakuvuka hata Kampala.

Tumeambiwa tumpunguzie umri ili achaguliwe. Kuna ubaya gani?

Upo ubaya kwa mtoto wa mwingine, ambaye nafasi yake inachukuliwa, na atakayegongwa uwanjani na mtu aliyemzidi miaka mitatu. Upo pia kwa mtoto wenu. Tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha picha za mifupa ya kifundo cha mkono, pale karibu na kiganja, katika mashindano ya wasiozidi miaka 17, na mifupa iliyokwisha kuungana haidanganyi. Akigundulika, jina lake huondolewa kwenye timu, na ni yeye anayeachwa nyuma wenzake wakisafiri.

Sheria yetu inampa mzazi siku 90 za kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto. Aandikishwe katika siku hizo, kwa tarehe ya kweli, na nakala ya cheti ihifadhiwe mahali pasipofikiwa na maji wala moto. Wale ambao muda wao umepita waulize katika ofisi ya komini, yaani manispaa, kuhusu hati ya mahakama ya kujaza pengo hilo, na waende nayo mapema, kabla mtoto hajaitwa kwenye timu yoyote.